Maktaba Moja, Kompyuta Tatu

Somo letu la leo ni kwa vikundi vinavyotunza vitabu ndani ya kompyuta: vituo vya kusomea, shule, vikundi vya akina mama, vya wakulima na vya vijana. Zamani kikundi chenye kompyuta moja kilijiona tajiri. Siku hizi si ajabu kukuta kikundi kina mbili au tatu, moja kituoni, moja kwa mwalimu na moja kwa katibu. Hapo ndipo taabu huanza. Kitabu kiko kwa kompyuta ya mwalimu, anayekitaka yuko kituoni. Kituoni kuna orodha ya vitabu, kwa katibu kuna orodha nyingine, na hizo orodha mbili hazipatani.

Mkimaliza somo hili tunataka muweze kufanya mambo matatu: kuweka maktaba moja ambayo inaonekana katika kompyuta zote za kikundi, kuizuia isiharibike watu wengi wanapoitumia, na kuirudisha ikiwa imeharibika. Mambo haya hatukuyasoma tu, yalitupata sisi wenyewe.

YALIYOTUPATA

Sisi huku upande wa Bungoma tuna kompyuta tatu. Ya kwanza iko katika kituo cha kusomea, na mama mmoja wa kujitolea ndiye anayeiangalia. Ya pili iko shule ya msingi, mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu. Ya tatu ni laptopu ya katibu, ambayo huzunguka naye katika vikundi vya wakulima. Vitabu tulianza kuvikusanya mwaka 2021. Tulichukua hadithi za watoto za African Storybook, ambazo zinapatikana bure kwa Kiswahili, Lubukusu na lugha nyingine nyingi za Afrika. Tulichukua majarida ya kilimo kama The Organic Farmer la hapa Kenya na Mkulima Mbunifu la Tanzania. Tukaongeza vijitabu vya afya, na vitabu vya zamani ambavyo muda wake wa hakimiliki umekwisha.

Mwanzoni tulivibeba kwa flashi. Katibu alipanda bodaboda na flashi mfukoni, leo shuleni, kesho kituoni. Flashi ikaleta virusi. Halafu ikapotea. Halafu ikapatikana ndani ya suruali iliyokwisha kufuliwa. Tukasema, hapana, sasa tutaweka maktaba yetu kwa wingu kama watu wengine.

Tukaweka, na kwa miezi mingi mambo yalikwenda sawa. Basi Jumatano moja ya Aprili 2023, katibu alikuwa mjini na akapata vijitabu 12 vipya. Kimoja kilikuwa cha kupambana na viwavi jeshi vamizi, wale wadudu wa mahindi walioingia Kenya mwaka 2017. Akafungua maktaba, akaviingiza vyote 12. Saa ile ile kule kituoni mama alikuwa amefungua maktaba hiyo hiyo, anasahihisha majina ya waandishi. Hakuna aliyejua kwamba mwenzake yuko ndani. Jioni kila mmoja akafunga kompyuta yake na kwenda nyumbani.

Kesho yake asubuhi akaja mzee mmoja aliyekuwa ameahidiwa kile kijitabu cha viwavi. Mahindi yake yalikuwa yamefika magotini na majani yalikuwa yametobolewa. Mama akatafuta katika orodha. Hakuna. Akatafuta vile vingine 11. Hakuna hata kimoja. Akampigia katibu simu.

"Katibu, mbona vitabu vyako sivioni?"

"Mama, niliviweka kwa mikono yangu mwenyewe jana. Angalia tena."

"Nimeangalia, ndugu yangu. Mzee amekaa hapa ananingoja."

Mzee akarudi nyumbani mikono mitupu, na ilipita wiki nzima kabla hatujampelekea kijitabu chake. Kwa mahindi yaliyoshambuliwa, wiki ni muda mrefu. Tulidhani kompyuta imeharibika. Kumbe kosa lilikuwa letu, na ndilo kosa linalofanywa na karibu kila kikundi kinachoanza kazi hii.

MAKTABA NI VITABU PAMOJA NA DAFTARI

Ili kuelewa kosa lile, inafaa kwanza tujue maktaba ya kompyuta imejengwa namna gani. Sisi tunatumia programu iitwayo Calibre. Ni ya bure, na inafanya kazi katika kompyuta za Windows, Mac na Linux. Ilianzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006, ikapewa jina hili la Calibre mwaka 2008.

Ukiingiza kitabu katika Calibre, programu hufanya mambo mawili. Kwanza inachukua nakala ya kitabu na kuiweka ndani ya folda ya maktaba. Kila mwandishi ana folda yake, na ndani yake kila kitabu kina folda yake yenye jina na nambari. Pili, inaandika habari za kitabu hicho katika faili moja iitwayo metadata.db. Faili hii ndiyo daftari la maktaba. Jina la kitabu, mwandishi, lugha, aina, nambari, na mahali kilipo, vyote vimeandikwa humo.

Kwa hiyo unapotazama orodha katika Calibre, huangalii folda za vitabu. Unasoma daftari. Kitabu kikiwa ndani ya folda lakini hakimo katika daftari, kwa Calibre kitabu hicho hakipo. Shikeni jambo hili, maana ndilo mzizi wa somo lote.

WINGU NI NINI

Watu wakisema faili iko kwa wingu, wengine hufikiri iko angani. Si hivyo. Wingu ni kompyuta kubwa za kampuni fulani, zilizowekwa katika majumba yao, zinazowashwa usiku na mchana, nasi tunazifikia kwa intaneti. Huduma zinazojulikana sana ni Dropbox, Google Drive na OneDrive.

Kila huduma ina programu ndogo unayoiweka katika kompyuta yako. Programu hiyo inatengeneza folda moja ya pekee. Kitu chochote utakachoweka katika folda hiyo kitapanda mpaka kwa wingu, kisha kitashuka katika kompyuta nyingine zote zilizounganishwa na akaunti hiyo. Kazi hii inaitwa kusawazisha. Ukibadilisha faili kituoni, inabadilika na shuleni. Ukiifuta kituoni, inafutika na shuleni.

Nafasi ya bure inatofautiana. Dropbox inatoa gigabaiti 2, OneDrive gigabaiti 5, na Google 15, lakini hizo 15 unazigawana na barua pepe na picha za akaunti hiyo hiyo. Tena tangu Machi 2019 akaunti ya bure ya Dropbox inaruhusu vifaa 3 tu. Kwa kompyuta tatu inatosha, lakini mtu akiunganisha na simu yake, nafasi imejaa.

KWA NINI DAFTARI LIKAGONGANA

Sasa turudi kwa katibu na mama. Fikirini chama cha kuweka akiba chenye daftari moja. Tuseme makatibu wawili wamepiga kopi ya daftari hilo, kila mmoja akaenda na kopi yake nyumbani. Wa kwanza akaandika malipo ya watu watano. Wa pili akaandika malipo ya watu watatu wengine. Jioni wanarudisha, kila mmoja anasema, "Hili ndilo daftari la chama." Mwenyekiti atachukua lipi?

Mwenyekiti mwenye akili atakaa chini aunganishe yote mawili mstari kwa mstari. Lakini wingu halijui kusoma daftari la Calibre. Linaona faili moja nzima, basi. Likipokea daftari la mama kwanza, linalishika hilo kuwa ndilo daftari. La katibu likifika baadaye kwa sababu mtandao wake ulikuwa mbaya, haliwezi kuliunganisha na lile la kwanza. Dropbox kwa mfano huliweka kando kama faili nyingine, na kuongeza maneno katika jina lake ya kuonyesha kwamba ni nakala iliyogongana.

Ndivyo ilivyotupata sisi. Vile vijitabu 12 vilikuwa vimefika kituoni salama, kila kimoja katika folda yake, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyegusa folda hizo. Lakini daftari lililoshinda lilikuwa la mama, na ndani yake havikuandikwa. Mzee wetu alirudishwa nyumbani na kitabu chake kikiwa mle mle ndani ya kompyuta iliyokuwa mbele ya macho yake.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika maktaba hii pia, wafunguaji wawili hawakai ndani kwa wakati mmoja.

HATUA ZA KUANZA

Fuateni hatua hizi kwa utaratibu, msiruke hata moja.

1. Chagueni kompyuta moja iwe ya kwanza. Kusanyeni vitabu vyote katika Calibre ya kompyuta hiyo. Ondoeni vilivyorudiwa, na sahihisheni majina.

2. Kabla ya kitu kingine, nakilini folda nzima ya maktaba katika diski ya nje au flashi kubwa. Mkiharibu baadaye, mtarudi hapa.

3. Wekeni programu ya wingu mliyoichagua, na muingie kwa akaunti ya kikundi.

4. Katika Calibre, bonyezeni alama ya maktaba iliyo juu. Chagueni amri ya kubadili au kuunda maktaba, kisha muiambie ihamishe maktaba iliyopo mpaka ndani ya folda ya wingu. Msihamishe kwa mkono Calibre ikiwa wazi.

5. Fungeni Calibre. Ngojeni mpaka vitabu vyote vipande. Katika Windows, tazameni alama ya huduma hiyo chini kulia, karibu na saa. Mishale ikizunguka, kazi bado. Ikionyesha kwamba imemaliza, ndipo mwende kompyuta ya pili.

6. Katika kompyuta ya pili, wekeni programu ya wingu kwanza, na mngoje vitabu vyote vishuke. Kisha ndipo mfungue Calibre na kuiambia itumie maktaba iliyokwisha kuwako mahali pale. Msichague kuunda maktaba mpya. Mkifungua kabla vitabu havijashuka vyote, mtakuwa mnafungua maktaba nusu.

7. Fanyeni hivyo hivyo kwa kompyuta ya tatu.

Onyo: msibadilishe majina ya folda na faili zilizo ndani ya maktaba kwa mkono. Daftari linazijua kwa majina yale yale. Ukibadilisha "Kilimo cha Mihogo" kuwa "Mihogo mpya" nje ya Calibre, daftari litaendelea kutafuta jina la zamani na kusema kitabu kimepotea. Mabadiliko yote yafanyeni ndani ya Calibre.

KANUNI YA UFUNGUO

Baada ya ule mkasa tulikaa chini tukaandika kanuni moja, tukaibandika ukutani karibu na kila kompyuta. Inasema hivi: Funga. Ngoja. Toa habari. Ndipo mwingine afungue.

Kwa vitendo iko hivi. Maktaba yetu ina ufunguo mmoja, ingawa si ufunguo wa chuma. Anayetaka kufungua Calibre anauliza kwanza katika kundi la simu: "Ufunguo uko kwa nani?" Asipokuwa nao mtu, anaandika: "Nimechukua." Akimaliza anafunga Calibre kabisa, anangoja alama ya wingu ionyeshe imemaliza, kisha anaandika: "Nimerudisha." Anayefuata naye, kabla ya kufungua, anaangalia kwamba kompyuta yake imekwisha kupokea mapya.

Hapo katikati, pale pa kungoja, ndipo watu wengi huteleza. Mtu anafunga Calibre na papo hapo anazima kompyuta, kwa sababu stima inakaribia kupotea au mvua inakuja. Mabadiliko yake yanabaki yamelala ndani ya mashine. Mwingine akifungua huko kwake, anafungua daftari la jana, na yule wa kwanza akija kuwasha kesho, mgongano umepatikana ingawa hawakuwa ndani pamoja. Siku hizi simu za namna hii ni za kawaida kwetu:

"Mwalimu, umefunga?"

"Nimefunga, Mama, lakini ngojea kidogo, bado inapanda."

"Haya, nitaanza na kufagia."

Wengine wameuliza, "Na kama nataka kutazama tu, bila kuongeza kitu?" Jibu letu ni kwamba kufungua ni kufungua. Programu yaweza kuandika jambo katika daftari hata wewe usipoiambia. Anayetaka kusoma tu, na aingie ndani ya folda ya mwandishi, afungue kitabu chenyewe kwa programu ya kusomea, bila kupitia Calibre. Asibadilishe chochote. Hapo hahitaji ufunguo.

JINA LIPO, KITABU HAKIPO

Kuna mtego mwingine ambao uliwapata wenzetu wa shule. Siku moja mtandao ulikatika asubuhi nzima. Mwalimu akawakusanya watoto wa gredi ya tatu wasome hadithi. Majina ya hadithi yote yalionekana, lakini kila akifungua, kitabu kinakataa. Watoto wakacheka, mwalimu akatoka jasho.

Sababu ni hii. Huduma nyingi za wingu, ili kuokoa nafasi, zinaweza kuonyesha jina la faili katika kompyuta yako huku faili yenyewe imebaki kwao mbali. Ukiibonyeza, ndipo inashuka. Mjini ambako intaneti haikatiki mtu hawezi kutambua. Kwetu sisi, jina bila kitabu ni kama chungu kilichofunikwa ambacho hakina ugali ndani.

Kwa hiyo ingieni katika mipangilio ya huduma yenu na mchague faili zikae ndani ya kompyuta wakati wote. Google Drive ina chaguo mbili, ya kutiririsha faili na ya kuweka nakala kamili kwenye kompyuta. Chagueni ya nakala kamili. Katika OneDrive na Dropbox, bonyezeni folda ya maktaba kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha mchague ibaki katika kifaa hiki daima. Mkimaliza, fanyeni mtihani: zimeni intaneti, kisha mjaribu kufungua vitabu vitano. Vikifunguka vyote, mmefaulu.

KUSAWAZISHA SI KUWEKA AKIBA

Watu wengi husema, "Maktaba yetu iko salama, iko kwa wingu." Ndugu zetu, msidanganyike. Kusawazisha ni kama kioo. Ukijipaka masizi usoni, kioo nacho kinaonyesha masizi. Mtoto akifuta folda ya hadithi shuleni kwa bahati mbaya, wingu linatii mara moja na kuifuta kituoni na kwa katibu pia. Virusi vikiharibu faili katika kompyuta moja, zilizoharibika ndizo zitakazosambazwa.

Ni kweli huduma hizi huweka vilivyofutwa kwa muda. Katika Google Drive vitu hukaa ndani ya pipa la taka siku 30, na akaunti ya bure ya Dropbox nayo inakupa siku 30 za kurudisha. Lakini ikiwa kosa lilifanyika mwanzo wa likizo ya shule na hakuna aliyelitambua mpaka shule zifunguliwe, siku hizo zaweza kupita.

Akiba haiozi. Nunueni diski mbili za nje. Kila mwisho wa mwezi, Calibre ikiwa imefungwa, nakilini folda nzima ya maktaba katika diski moja. Mwezi unaofuata tumieni ile nyingine. Hivyo daima mtakuwa na nakala ya mwezi huu na ya mwezi uliopita. Diski zisikae katika nyumba moja na kompyuta. Mwizi akija, au paa likivuja, visiende vyote pamoja.

BANDO LISIWAMALIZE

Kitabu cha maneno matupu cha aina ya EPUB mara nyingi hakifiki hata megabaiti moja. Kijitabu cha PDF chenye picha nyingi za rangi kinaweza kufika megabaiti 20 au zaidi. Tuseme maktaba yenu ni gigabaiti moja na nusu. Kupandisha mara moja ni 1.5, kushusha katika kompyuta mbili nyingine ni 3, jumla ni gigabaiti 4.5. Mkifanya kazi hiyo kwa bando la simu, mtalia. Mzigo wa kwanza pelekeni mahali penye Wi-Fi, mkiwa na kompyuta zote tatu.

Baada ya hapo kinachosafiri ni vitabu vipya na daftari tu, na daftari la vitabu mia chache ni dogo. Ila kuna jambo moja la kuangalia. Tangu Calibre namba 6 ya mwaka 2022, programu inaweza kutengeneza faharasa ya maneno yote yaliyo ndani ya vitabu vyote. Faharasa hiyo ni faili kubwa na inakaa ndani ya folda ya maktaba. Kama bando lenu ni dogo, msiiwashe.

Na kama kompyuta zenu zote ziko katika jengo moja, pengine hamhitaji wingu kabisa. Calibre inaweza kuwahudumia wasomaji kwa Wi-Fi ya chumbani, bila intaneti. Kompyuta moja inashika maktaba, na wengine wanafungua vitabu kwa simu au kompyuta zao.

AKAUNTI NI YA NANI?

Swali hili linaonekana dogo mpaka siku kijana aliyefungua akaunti anapopata kazi Nairobi na kubadilisha namba ya simu. Fungueni akaunti kwa barua pepe ya kikundi, si ya mtu. Ujumbe wa kuthibitisha uende kwa laini ya simu ya kikundi. Nenosiri lijulikane na watu wawili, na liandikwe katika bahasha iliyofungwa anayoiweka mweka hazina. Tena msichanganye maktaba na orodha za wanachama au habari za wagonjwa katika folda moja. Habari za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hazifai kuzunguka katika kompyuta zinazoguswa na kila mtu.

Kuhusu vitabu vyenyewe, muwe waaminifu. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kitabu kinalindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Wekeni vile ambavyo wenyewe wameruhusu visambazwe, au ambavyo muda wake umekwisha. Vitabu vya shule vinavyouzwa dukani msivipige picha na kuvisambaza. Mwandishi naye ana watoto wa kulisha.

KAMA MMEKWISHA KUGONGANA

Msiogope na msifute kitu chochote. Sisi hatukupoteza kitabu hata kimoja, na hivi ndivyo tulivyofanya:

1. Waambieni wote wafunge Calibre. Sitisheni usawazishaji katika kompyuta zote.

2. Nakilini folda nzima ya maktaba katika diski ya nje, jinsi ilivyo, pamoja na lile daftari lililogongana.

3. Katika kompyuta moja tu, fungueni Calibre na mtumie amri ya kukagua maktaba, katika sehemu ya matunzo ya maktaba. Itawaonyesha folda ambazo ziko lakini hazimo katika daftari.

4. Vitoeni vitabu hivyo, mviweke pembeni, kisha mviingize upya kama vitabu vipya. Vyetu 12 vilirudi kwa njia hii.

5. Daftari likiwa limeharibika kabisa, kuna amri ya kulijenga upya. Calibre huweka katika folda ya kila kitabu faili ndogo iitwayo metadata.opf yenye habari za kitabu hicho, na kutoka hizo inaweza kuandika daftari jingine.

6. Kila kitu kikiwa sawa, washeni usawazishaji, mngoje umalizike, ndipo ufunguo uanze kuzunguka tena.

Mzee wetu wa mahindi bado huja kituoni. Sasa kabla hajaketi anamuuliza mama kwa utani, "Leo ufunguo uko kwa nani?" Tunacheka, lakini tunaangalia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kikundi chenu kina kompyuta ngapi, na vitabu vilivyomo ni vile vile au vimetofautiana?

2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe: kwa nini vijitabu 12 vilikuwa ndani ya kompyuta na bado mama hakuviona?

3. Nani kati yenu atakayeshika zamu ya kunakili maktaba katika diski kila mwisho wa mwezi? Andikeni majina ya watu wawili, ili mmoja akisafiri kazi isilale.

4. Kama mtandao ukikatika leo, ni vitabu vingapi mtaweza kufungua? Jaribuni kabla ya kujibu.

5. Aliyefungua akaunti yenu akihama kesho, mtaingiaje?